Kioo cha Pembeni

Miaka thelathini na mmoja niliendesha basi la umeme,
njia namba mbili, stesheni hadi kiwanda cha malori,
pembe mbili juu ya paa zikiung'ang'ania waya.
Waya ukikatika, tulitulia katikati ya Kutaisi
kama kuku walionyeshewa.
Kiwanda kikafungwa. Nyaya zikaibwa, zikauzwa kwa kilo.
Nikabaki na mikono inayokamata usukani usiokuwepo.

Nikiwa na sitini na moja, magoti yakinidai madeni yake,
niliingia chumba cha sataranji nyuma ya posta.
Msinipambe: sikwenda kutafuta hekima.
Mlikuwa na jiko la kuni,
na kwangu hapakuwa na mtu wa kuwashiwa moto.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Mimi nilikwisha kauka; ukinikunja, navunjika.
Mwalimu Tsiala akanitazama, akanisogezea kiti hata hivyo.
"Hii," akasema, "ni gari."
Kwingine duniani huiita ngome,
huku kwetu ni gari, tangu enzi za farasi:
laenda mbele, nyuma, kushoto, kulia,
halikati kona, halipandi juu ya mtu.
Nikacheka mpaka wachezaji wakainua vichwa.
Gari hilo nalijua, mwalimu. Limenilisha.

Mengine hayakunijia hivyo.
Kobe, ndivyo tumwitavyo yule aendaye mshazari,
mbona kobe ana mbio kiasi kile?
Farasi sikumwelewa mwaka mzima,
alinirukia kutoka mahali nilipokwisha kupasahau.
Na kichwa changu, kichwa hiki!
Usiku nakariri ufunguzi, hatua saba;
asubuhi zimebaki tatu,
na moja kati yake ni ya kupika maharage.

Aliyenifunza kwa kunichapa ana miaka tisa.
Tekle. Meno ya mbele hana.
Hutafuna mbegu za alizeti huku akinichinja.
Kanifunga mara mia moja na kumi na mbili; nimeandika zote
katika daftari la zamani la zamu za basi,
saa ya kuondoka, saa ya kufika, sababu ya kuchelewa.
Sababu: malkia niliacha wazi.
Sababu: malkia, tena.
Sababu: nilimwaza mwanangu aliyeko Bari, hajapiga simu.
Sababu: sikutazama kioo cha pembeni.

Hilo la mwisho niliandika kwa mzaha,
kisha kalamu ikasimama.

Tangu hapo sigusi kete kabla ya kuuliza:
nani ameshuka, nani anakimbilia mlango,
nani kasimama nyuma yangu, palipo giza?
Sikuwa mwerevu zaidi. Nilikuwa dereva, basi.

Februari, baridi ya tatu, Rioni imevimba tope.
Magari yangu mawili yakashika njia moja,
moja nyuma ya jingine,
kama alfajiri za wafanyakazi wa kiwanda.
Tekle akaacha kutafuna.
Sikuwahi kusikia kimya cha mbegu za alizeti.
Nikamwambia, "Shaha." Akakimbia. "Shaha." Akakimbia.
Ushindi ulikuwapo, hatua mbili tu;
Tsiala alinionyesha baadaye, kwa upole uliouma.
Sikuuona. Mtoto akasema sare,
nami nikaukamata mkono wake mdogo wenye chumvi
kama mtu aliyekuta basi la mwisho bado halijaondoka.

"Bibi Guliko, una miaka mingapi?"
Sitini na minne, tangu Jumanne.
Akatembeza kidole juu ya miraba, midomo ikihesabu,
nyeusi, nyeupe, nyeusi, mpaka kona ya mwisho.
"Basi ubao umekuishia. Mwakani utakaa wapi?"
Nikamwonyesha ukingo wa meza,
pale kikombe changu cha chai kimechora duara.
Akapapima kwa jicho moja,
akaona panatosha,
akaugeuza ubao.