Dirisha la Nne

Dirisha la kwanza lilifungwa Agosti.
La pili likafungwa, sikusikia hata mlio.
La tatu nililishuhudia,
saa sita kamili usiku, kwenye simu ya mama
iliyobakiza chaji asilimia nne:
Samahani. Hukuchaguliwa.
Nikaizima kabla haijajizima.

Mimi ni Kulwa. Nilimtangulia Doto kuja duniani
kwa dakika kumi na moja, mkunga wa Mwananyamala shahidi,
na kwa dakika hizo nimedai paja la kuku
miaka kumi na tisa.
Sasa Doto yuko Dodoma, anasoma ufamasia.
Anatuma picha: kitanda cha juu, kitambulisho shingoni.
Ananiita kaka kuliko zamani.
Hilo ndilo linaloniuma. Heshima imezidi.

Majirani hawaulizi kama nimefeli, wana adabu.
Wanasema, "Kumbe bado upo?"
Upo: herufi tatu, na zote zina kucha.
Nipo, naitikia. Napumzika kidogo,
kama mtu aliyechoshwa na kazi
ambayo hakupewa.

Mama mdogo Sikujua ana steshenari Mabibo,
karibu na hosteli.
Kanipa kiti cha plastiki kilichoungwa kwa waya,
na mashine inayotafuna kila karatasi ya saba,
na dirisha: nondo sita, tundu la kupitisha mkono.
Hili halina tarehe ya mwisho.

Mwezi wa kumi wakaja wenye barua.
Kopi nne, kaka. Za rangi. Usizikunje.
"Tunayo furaha kukujulisha..."
Furaha hiyo nimeitoa kopi mara mia mbili na kumi,
na wino wake
hautoki vidoleni hata kwa ndimu.

Usiku, geti likishashushwa, nafungua Kemia.
Narudia mtihani, mtahiniwa wa kujitegemea,
jina zuri kwa mtu anayekula kwa mama yake.
Umeme ukikatika nasawazisha milinganyo kichwani:
huku haidrojeni nne, kule nne,
kila moja ipate pa kukaa.
Hakuna atomu inayoambiwa nafasi zimejaa.

Mwezi wa tatu, mvua ikipiga bati,
msichana akapitisha mkono kwenye tundu
na karatasi iliyolowa pembeni.
"Hii niwekee laminesheni."
Nikaisoma bila kutaka. Nyamizi Machibya. Alama zake.
Na chini, ile sentensi yangu.

"Dada, hii ni ya kukataliwa."
"Najua kusoma."
Akafuta maji usoni. "Nataka isilowe tena.
Naibandika juu ya ndoo ya unga,
kila nikisonga ugali tutazamane."

Mashine ikapata moto, ikaivuta taratibu,
ikaitoa inang'aa kama cheti.
Alianza yeye kucheka. Kisha mimi,
kwa sauti ambayo sikuisikia tangu Agosti,
mpaka Mama mdogo akauliza kule nyuma kuna nini.
Hakuna kitu, nikasema.
(Elfu moja ya siku ile sikuipokea.
Mama mdogo, ikikukosa kwenye hesabu, ndiyo hiyo.)

Hakurudi. Labda aliomba Mwanza,
labda yuko Temeke anasonga ugali, wanatazamana.

Matokeo yametoka. Kemia imepanda, kidogo,
si ya kupigiwa vigelegele.
Na leo asubuhi dirisha la kwanza limefunguliwa tena,
nami nimejaza fomu kwenye kompyuta ya duka,
kati ya mteja wa pasipoti saizi
na mteja wa gundi.
Chaguo la kwanza ni lile lile, sina haya.
La tatu ni kozi ambayo mwaka jana niliicheka.

Mama mdogo kasimama nyuma yangu, miwani puani,
kasoma yote, hajasema kitu.
Kisha kanyoosha kiganja:
kuchapa ni shilingi mia, biashara ni biashara.

"Kopi ngapi?"