Pole na Kazi

Jezi namba kumi na saba
ndiyo iliyonitesa miaka sita hapa Sheffield.
Tope la winga haliogopi maji ya moto.
Mwenyewe, Kuramochi, alizoea kuja chumba cha kufulia
na mswaki mkuukuu, akasugua njumu zake
kwenye sinki langu. Ruhusa aliomba mara moja tu.

Kiingereza chake cha kuungaunga,
changu cha Tanga na foleni za hospitali.
Siku moja likanitoka: pole na kazi.
Akataka kujua. Nikahangaika:
si kwamba nimekukosea, si kwamba umefiwa.
Umechoka, nami nimeona.
Mswaki ukasimama.
“Otsukaresama,” akasema. “Kwetu lipo.”
Wenye mji wanalo la hongera;
ukifungwa, wanazungumzia mvua.

Mechi arobaini na moja alichezea taifa lake.
Ya arobaini na mbili aliingojea kwa simu
aliyoiweka juu ya mashine yangu.
Nguo zikikamuliwa, simu inatetemeka,
na sisi wawili tunageuka: Tokyo!

Goti lilikuwa limeshajibu.

Jumamosi ya mwisho akaingia dakika ya themanini,
akapiga krosi moja,
ikapita vichwa vyote, ikatoka nje.

Jezi akaileta ameifua mwenyewe, kwenye beseni, kwake.
Vibaya. Tope bado lipo begani.
Sikumwambia.
Nikaipokea kwa mikono miwili,
nikamwambia lile neno kwa Kijapani, nikakosea;
akanisahihisha
kwa Kiswahili.