Mita Arobaini za Guraya

Saa nane mchana, mwezi wa pili,
ndara ya Mbodze ilinaswa na lami.
Akavuta mguu, ndara ikabaki,
akasimama kwa mguu mmoja kama korongo,
sinia la mabuyu likiinama.
Nilicheka. Kisha nikauona unyayo wake.

Mimi fundi wa kupanga matofali.
Nilipewa mita arobaini za Guraya,
ning'oe lami hadi kwenye kokoto,
nipange vitofali vyeupe vya maziwa yaliyochacha,
vyenye matundu kama mkate wa kumimina.
Injinia Thureya akaja na kipimajoto mfano wa bastola,
akailenga barabara:
lami, sitini na moja.
Tofali, arobaini na nne.
Akaandika kwenye daftari. Nami nikaandika ukutani, kwa mkaa,
wapitao wasome.

"Hili linapoaje?" akauliza Chengo wa madafu.
Mtungi wa kwenu, nikamwambia,
hupoza maji kwa kutoka jasho.
Hili ni mtungi uliolazwa chini:
mvua hulinywa kimya,
jua likija kudai
hulilipa kidogo kidogo.
"Mvua hulinywa, au lenyewe huinywa mvua?"
Lenyewe, Chengo. Ulimi umekauka.

Sisemi yote yalikuwa heri.
Saa sita weupe ulituruka machoni.
Mbodze akashusha leso hadi kwenye nyusi:
"Umenitoa moto miguuni, ukanitia usoni."
Sikuwa na jibu.
Nikamwomba injinia miarubaini miwili tu, ya kivuli.
Bajeti, akasema, ni ya matofali.
Na mchanga huziba matundu,
na tuktuk ya Shebwana ilimwaga oili
pale karibu na mtaro; doa lipo hadi leo.

Lakini saa nne usiku,
lami ya mtaa wa pili ikiwa bado inatema
jua ililolimeza mchana,
watu wametandika mikeka nje, wanajipepea kwa maboksi,
paka wa Guraya walihamia kwangu.
Kumi na saba. Niliwahesabu.
Wamebandika matumbo kwenye tofali,
na hakuna aliyewasomea vipimo.

Masika imeufuta mkaa ukutani.
Kazi yangu inakoma mbele ya duka la nyuzi,
hakuna kibao, hakuna mstari.
Ukipita mchana, vua viatu.
Mguu utakwambia nilipoishia.