Daftari la Tofauti

Sikuwa mchezaji. Nilikuwa na penseli.
Jezi zilikuwa kumi, sisi kumi na mmoja,
na Kocha Mwantumu Singano akanitazama magoti,
akanitazama macho, akasema: Wewe hesabu.

Mwaka ule chuo chetu cha Mwambani kilikuwa kichekesho cha Tanga nzima.
Wageni wakishuka stendi ya Kange waliuliza
kama tuna timu ya wanawake au kwaya.
Uwanja ulikuwa na ufa ulioanzia mstari wa adhabu
ukaenda kuutafuta ukuta wa jiko.
Ringi moja iliinama kama mtu anayedaiwa,
na mpira, huo mmoja, ulitiwa kiraka
na fundi baiskeli wa Barabara ya Nane
aliyekataa hela yetu, kwa huruma.

Kocha alitoka kwenye mizani ya katani.
Miaka sita alipima marobota ghalani
akijua kilo kwa kutazama bega la mpagazi.
Cheti cha ukocha alikuwa nacho kimoja,
cha siku tano, jina limekosewa: Mwatumu.
Alikibandika hivyo hivyo.

Mwezi wa kwanza hakutugusisha mpira.
Miguu, alisema. Miguu, miguu.
Tukacheza na hewa kwenye jua la saa tisa,
wapishi wakitoka na miko kutushangaa.
Nakijwa akalia. Fausta akahamia netiboli.

Wavu aliusuka mwenyewe kwa uzi wa katani,
mgumu, wa kukwaruza. Mpira ukipita
haukunong'ona kama kwa wenzetu,
ulikohoa.
Tukajifunza kukipenda kikohozi kile.

Mchezo wa kwanza: sitini na nne kwa kumi na mbili.
Nikaficha karatasi. Akasema, lete.
Katika daftari la jalada jekundu
hakuandika alama zao wala zetu, aliandika
52
akapiga mstari kwa rula, kama deni la dukani.
Hili tutalilipa, akasema, ila si kwa mkupuo.

Kisha 47. Kisha 47 tena,
na siku hiyo alitununulia machungwa ya Muheza,
kwani tulikwenda sita, wengine wamezuiwa kwa ada,
tukamaliza wanne, na deni halikupanda.

Baba yake Mwanasha alikataa suruali.
Kocha akaenda Makorora, akamenya mihogo na mama mtu,
akazungumza bei ya saruji hadi chai ikapoa.
Anaaga ndipo akasema: namwomba saa moja na nusu.
Mzee akauliza: Na wanaume je?
Watamwangalia, kocha akajibu,
kama wanavyomwangalia akienda sokoni,
ila huku mimi nitakuwepo.

30. 31, hakulala. 19. 8. 8.

Mwaka wa tatu, wale wale wa sitini na nne.
Sekunde sita, tuko nyuma kwa moja,
Mwanasha mstarini, mitupo miwili.
Wa kwanza ukakohoa.
Wa pili ukagonga chuma, ukaruka,
na Nakijwa alikuwa pale,
au tuseme miguu yake ilikuwa pale, yeye akaifuata.
Penseli ikanivunjikia.
Alama mbili zile niliziandika kwa wanja wa Tatu Kihiyo.

Usiku kocha alifungua daftari, akaandika 2,
akakaa nayo muda mrefu,
hajui aiweke upande gani.

Makombe yakaja baadaye, na kabati la kuyawekea.
Watu wakasema muujiza. Neno hilo lilimuudhi.
Muujiza hauna daftari, alinung'unika,
akaenda kufagia uwanja.

Ijumaa aliyostaafu walimpa vitenge na jiko la gesi.
Mimi alinipa daftari.
Ukurasa wa mwisho hauna mchezo. Una majina:
Fausta. Zuhura aliyeozwa Pongwe. Eliwaza, ada.
Wengine siwakumbuki, naona aibu.
Mbele ya kila jina, moja.
Chini, mstari wa rula, na jumla:
23.

Nafasi ya kuandika "imelipwa"
ameiacha wazi.