Namba ya Mlango

Vlasta amepiga simu kutoka chini,
theluji ya Brno ikimwingia kolani.
"Namba ya mlango ni ngapi?"
Nikafungua kinywa. Hamna.
Miaka kumi na tisa naingia humu
na viazi, na homa, na jeneza moja nikalitoa,
sijawahi kuijua namba.

"Subiri." Nikakiweka kidole mezani,
penye makombo, nikafumba macho,
nikasimama kama nisimamavyo pale,
bega limeinama kwa uzito wa kikapu kisichokuwapo.
Kidole kikaenda: chini, chini tena,
kikavuka kulia, kikapanda.
"Saba," nikamsomea, kama asomaye barua ya jirani,
"saba, tisa, mbili."
Mlango ukalia.

Nani alijua?

Oktoba, daktari Hruška alinionyesha picha:
kitu cha kijivu, kabeji iliyopasuliwa.
"Huyu ndiye wewe," akasema kwa upole,
kalamu yake ikagusa doa.
Nilitazama kwa adabu, kama mtu atazamavyo
picha za harusi ya wasiomhusu.
Mimi nilikuwa upande huu wa macho,
nikiona haya kwa soksi iliyotoboka.
Haya ile haikuwamo pichani.
Ilikuwa kwenye kidole gumba, ikapanda masikioni,
ikajaa chumba.

Watu husema: nina mwili.
Ndivyo wasemavyo: nina mwavuli.
Mwavuli nimeusahau kwenye tramu mara tatu.
Na neno lenyewe, lisikilize: ni, na.
Mimi pamoja na... na nani?
Nikiusahau mwili kitini,
nani atashuka kituo kinachofuata
ajipapase mifuko?

Usiku mkono wa kulia huushika wa kushoto,
huu uliozimika na kiharusi.
Mwanzoni ni glavu ya mtu, imeokotwa.
Naukanda. Naupulizia.
Joto likishaingia, kuna dakika,
si kila usiku,
sijui tena upi unashika
na upi umeshikwa,
na swali langu la mchana
halina pa kukaa kati yao.

Vlasta amefika, anahema, ngazi tisini.
"Kumbe unaikumbuka!"
"Siikumbuki. Nilisimama tu."
Akacheka, akanibandika viganja vyake shingoni,
barafu tupu,
nami nikapiga ukelele
kabla sijajua kwamba ni baridi,
kabla sijajua kwamba ni mimi.