Kauli ya Kutendeka

Mwinjilisti Mwaisumo huja Jumatano, mvua au mvua zaidi
(Tukuyu hatuna chaguo la tatu),
anakung'uta mwavuli kizingitini, anaketi,
ananiuliza hata chai haijamiminwa:
"Mwalimu, mlango wako kaufungua nani?"

Umefunguka, namwambia. Kitasa kibovu.

Anatabasamu. Anajua ninakoelekea.
Miaka ishirini na sita nafundisha mnyambuliko, Kidato cha Pili:
kilichovunjwa kina mkono nyuma yake,
kilichovunjika kimevunjika tu,
na mwanafunzi anayemsaka mtenda hapo
namkata maksi mbili.

"Basi dunia," anasema, "imeumbwa."
Au imeumbika, nasema.
Jikoni mama anaangua kicheko, maana kwake
aliyeumbika ni yule binti wa Katumba mwenye mwendo.

Mlima Rungwe ulipasuka, haukupasuliwa.
Ngosi ulititia ukawa ziwa.
Migomba ikalipokea jivu
bila kuuliza limetumwa na nani.
Hivyo ndivyo ninavyosema darasani.
Usiku sina hakika: sarufi ni yetu sisi,
huenda mlima haujawahi kuisikia.

Halafu kuna jina langu.
Ambokile. Kwa Kinyakyusa: ameniokoa.
Kitenzi kizima, nafsi ya tatu imekaa mbele,
mwenyewe hatajwi popote.
Wawili walionitangulia wamelala nyuma ya zizi,
masika mawili yaliyofuatana,
hawakuishi hadi kupewa hata silabi.
Nilimwuliza Mwaisumo: huyo "a" alikuwa wapi masika yale?
Alikizungusha kikombe. Chai ikapoa.
Ninamheshimu kwa ukimya ule
kuliko kwa hoja zake zote za mlango.

Mama hana hoja. Ana magoti yenye sugu.
Alfajiri, ng'ambo ya ukuta wa mbao,
namsikia akimshukuru mtu kwa ajili yangu,
kwa sauti ya anayelipa deni dukani
na kumwomba mwenye duka asiifunge daftari.
Nami nimelala macho wazi,
kalamu yangu nyekundu iko mezani,
siwezi kumkata kitu.

Jioni ukungu unashuka hadi kwenye paa la banda,
kahawa ya jirani haionekani,
ananiita nikamfunge ndama.
Anaita sentensi nzima, kwa nguvu, mara mbili.

Naitika.