Msoma Mita

Mimi ni msoma mita za maji, Tanga mjini:
Makorora, Mabawa, nakatiza Chuda hadi Ngamiani.
Nabisha hodi, nainama, nafunua kifuniko cha chuma,
napangusa kioo kwa kidole gumba, nasoma.
Tarakimu tano. Naandika. Naaga.
Nyumba themanini kwa siku,
na sijawahi kuonja maji ya mtu.

Mwezi wa kwanza usharika wetu uligawa kadi:
miraba mia tatu sitini na mitano,
Biblia nzima kwa mwaka mmoja.
Atakayetangulia kumaliza, alisema Mwinjilisti Semkiwa,
atapewa feni ya meza, mpya, ndani ya boksi lake.
Na nani aliyelala Tanga mwezi wa pili
akaidharau feni?

Halafu kulikuwa na Damari Mntambo wa sauti ya kwanza,
aliyekuja ibadani na kadi imejaa alama za vema
hadi za wiki ijayo.
Nikasema moyoni: huyu hanipiti.

Basi nikasoma. Nilisoma kama nisomavyo mita.
Ibrahimu alitandika punda alfajiri, nikampita mbio
kama mtu anayenidai;
sikumuuliza anampeleka wapi mtoto.
Mambo ya Walawi niliyamaliza kwa jioni tatu,
jicho moja kwenye ukurasa, jingine kwenye sufuria ya maharage.
Nilipofika kitabu cha Hesabu nikacheka peke yangu:
hapa sasa ndipo kwangu.

Mke wangu Nakiete akaniuliza usiku,
"Leo kimesema nini?"
Nikamwonyesha kadi.
Akasema, "Sikukuuliza umefika wapi."

Jumanne moja, nyuma ya soko la Makorora,
nikainamia mita ya Bi. Mwanakombo: 00417.
Mwezi uliopita, 00417.
Mwezi wa juzi, hivyo hivyo.
Nikamtazama kwa jicho la kazi.
Naye anafua, mapovu yamefika viatuni mwangu,
mpapai wake umenawiri,
bata watatu wanaoga kwenye karai.
"Mwanangu," akasema, "hiyo saa yenu imekufa.
Maji hayana habari."

Akakinga kikombe cha bati bombani, akanipa.
Saa saba mchana, shati limegandama mgongoni.
Nikanywa, nikarudisha kikombe,
nikaona haya,
nikaomba tena.

Usiku ule umeme ulikatika mji mzima,
hata feni ingekaa kimya.
Nikawasha chemli, nikarudi nyuma,
nyuma sana, kwa yule mjakazi wa Misri
niliyempita Januari bila hata salamu:
kiriba kimekauka, mtoto kamlaza kichakani,
mwenyewe kaenda kuketi kando
asimwone akikata roho.
Mbali kidogo, kama mshale unapoanguka.
Nikaketi naye hapo.

"Mbona hugeuzi ukurasa?" Nakiete akauliza.
"Kuna mtu analia hapa."
Akasogea. Nikamsomea polepole, neno kwa neno,
mpaka macho ya yule mama yakafumbuliwa
na kisima kikawa pale,
karibu, karibu kabisa.
Hatukusema kitu. Mbu waliimba.

Feni alichukua Damari. Nilimpigia makofi,
ya mkono wa kushoto kidogo, nisiseme uongo.
Kadi yangu ilikomea mraba wa sitini na tatu;
Nakiete ameikunja mara nne
akaitia chini ya mguu wa meza unaotikisika.
Sijawa mtakatifu. Siku nyingine nalala bila kufungua,
na kesho yake koo linanisuta.
Lakini zipo alfajiri naamka kabla ya jogoo wa jirani,
nikipapasa gizani kama mtoto anayetafuta mtungi,
na sijui ni sura ya ngapi.

Na mita ya Bi. Mwanakombo?
Niliijazia fomu siku ile ile, sehemu ya maelezo:
Mita imesimama. Maji yanatoka.
Meneja akaniita ofisini kuniuliza
kwa nini nimeandika huku natabasamu.